Kusini kulikuwa na somo kabla ya shule

Mabasi ya Lindi na Mtwara yanayopita Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, hujaa mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa. Wazazi wanapeleka watoto kwa bibi, na kwenye buti kuna mabegi, ndoo za plastiki, doti za khanga zilizofungwa kwa kamba na pengine spika kubwa ya muziki. Ukiuliza spika ni ya nini, jibu ni fupi: kuna ngoma, kuna mtoto anatolewa.

Kwa asiyeijua barabara hii, kutolewa ni kilele cha unyago. Mwali aliyekuwa ndani anatolewa hadharani akiwa amepambwa, watu wanacheza na kumtunza fedha, na kuanzia siku hiyo anahesabiwa kuwa mtu aliyefundwa.

Kila mjadala wa elimu ya afya ya uzazi katika shule za serikali unapoibuka, hoja ya kwanza ya wazazi wengi ni kwamba jambo hilo ni la kigeni, kwamba Mwafrika haongei mambo hayo na watoto. Nusu ya hoja hiyo ni kweli: mzazi haongei. Nusu ya pili inakanushwa na barabara ya Kusini. Kuanzia kwa Wazaramo, ukapita kwa Wandengereko, Wamatumbi na Wamwera, hadi kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, kulikuwa na shule ya mambo hayo, yenye walimu wake, muhula wake, nyimbo zake na hata vifaa vya kufundishia.

Kinachohitaji kujadiliwa na wazazi ni nini kimeipata shule hiyo ya zamani, na mtoto wa leo anabaki na nani.

Uzaramo: mwali yuko ndani

Basi likishavuka Kongowe linaingia Mkuranga. Pande zote ni minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo na machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya lami. Hii ni nchi ya Wazaramo, pamoja na Kisarawe na sehemu kubwa ya Dar es Salaam yenyewe.

Hapa msichana akivunja ungo, yaani akipata hedhi ya kwanza, habari hazikuishia kwa mama. Aliitwa bibi, shangazi na kungwi. Msichana aliwekwa ndani, akawa mwali. Zamani wengine walikaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kuonekana hadharani. Alipewa mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, akitunze kama mtu anavyotunza mtoto. Leo vijisanamu hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya, vimewekwa kwenye vioo kama kazi za sanaa. Kwa mwali wa Kizaramo vilikuwa vifaa vya darasani. Mafunzo mengine yalitolewa chini ya mkole, mti ambao Wazaramo wanauhusisha na uzazi.

Mwalimu wake aliitwa kungwi, na mara nyingi aliitwa somo. Neno hilohilo ndilo mtoto wa leo analitumia kwa Hisabati na Kiswahili. Kabla shule haijalichukua, somo alikuwa mtu: mwanamke mzima aliyekabidhiwa msichana mmoja, akamfundisha kujihifadhi wakati wa hedhi, usafi wa mwili, adabu mbele ya wakubwa, mambo ya kusema na ya kunyamazia, na namna ya kuishi na mume. Msichana akipata tatizo miaka mitano baadaye, somo wake alikuwa bado yupo, tena palepale kijijini.

Mama hakuwa mwalimu, na hilo lilikuwa na sababu. Kati ya mzazi na mtoto kuna heshima, na heshima hiyo inabana ulimi. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani. Bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenzangu, na wa kiume humwita mume wangu. Ndani ya utani huo neno zito linapita bila kumvunjia mtu heshima. Jamii iligawa kazi: mzazi alee, bibi na somo wafunde.

Kwa hiyo mzazi wa leo anayeona aibu kutamka neno hedhi mbele ya binti yake si mzazi mbaya. Amerithi mpangilio ambao haukumpa kazi hiyo. Shida ni kwamba waliopewa kazi hawapo tena karibu. Bibi yuko Ikwiriri, mjukuu yuko Tandika kwenye chumba cha kupanga, na shangazi wanaonana naye kwenye msiba.

Kungwi wa mjini naye amepata kazi nyingine. Anaalikwa kwenye kicheni pati kumfunda bibi harusi mwenye miaka 28, mwenye shahada na pengine mtoto tayari. Mtoto wa miaka 12 wa nyumba ya jirani, aliyevunja ungo wiki iliyopita, hana wa kumwambia lolote isipokuwa wenzake na simu.

Daraja la Rufiji na kengele ya shule

Baada ya Kibiti barabara inashuka kwenye bonde la Rufiji. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko, na mvua za masika zikizidi safari ya Kusini ilikuwa ya kubahatisha.

Shule ilikuwa imefika huko kabla ya daraja. Miaka ya 1970, Serikali ilipopanua elimu ya msingi kwa wote, vijiji vingi vilipata darasa na rejesta. Mwalimu anayeita majina kila asubuhi hawezi kumsubiri mwali akae ndani mwaka mzima. Miezi ikawa wiki, wiki zikawa siku. Kwa familia nyingi unyago sasa unangoja likizo ya Juni au ya Desemba, na mjini unaweza kumalizwa mwisho wa juma mmoja.

Ngoma ilibaki, sare za khanga zilibaki, kutunza kulibaki. Kilichopungua ni muda wa kufundisha, kwa sababu hicho ndicho hakionekani kwenye picha.

Kwa wavulana mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Jando lilikuwa kambi msituni. Ngariba alitahiri, kisha wavulana walikaa kumbini hadi vidonda vipone, wakifundishwa na wanaume wazima. Sasa watoto wengi wa kiume hutahiriwa zahanati au hospitali, kwa ganzi na vifaa safi, na wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kiafya ni hatua njema sana. Lakini wiki zile za kufundwa ziliondoka pamoja na kumbi, na hakuna aliyeulizwa zitafidiwa wapi. Tohara imebaki, mafunzo yameondoka. Mvulana anayebalehe leo, anayeota ndoto nyevu na kudhani anaumwa, mara nyingi hana mtu mzima hata mmoja aliyemwambia kwamba hali hiyo ni ya kawaida.

Masasi: mila ilishawahi kubadilishwa

Wapo wanaosema unyago na jando havigusiki, kwamba ni mila za mababu na ziachwe zilivyo. Msafiri anayekunja kulia pale Mingoyo, akapita Ndanda na kufika Masasi chini ya vilima vyake vya mawe, anaingia katika mji unaoonyesha kinyume.

Hapa wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu walijikuta na waumini ambao hawakuwa tayari kuacha kuwapeleka watoto jandoni. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuchagua kulipiga marufuku. Yeye na mapadri Waafrika waliofanya naye kazi walianzisha jando la Kikristo. Kambi ilibaki, tohara ilibaki, walezi wakubaki na vijana wao. Sala ziliingia, mafundisho ya kanisa yakaingia, na yale waliyoona hayafai yakaondolewa. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu mambo ya unyago yalikuwa siri ya wanawake na wamisionari wanaume hawakuwa na mlango wa kuingilia.

Wayao waliosilimu walikuwa wamefanya jambo linalofanana na hilo hata kabla ya hapo. Lupanda, unyago wao wa zamani wa wavulana, uligeuka kuwa jando lenye mafunzo ya dini ndani yake.

Mila hii, basi, imepokea mabadiliko zaidi ya mara moja, na waliobadilisha walikuwa wazee wenyewe wakikaa na viongozi wa dini. Anayependekeza leo umri usogezwe mbele, au mafunzo ya ndoa yasitolewe kwa mtoto, haanzishi jambo ambalo halijawahi kutokea.

Newala: wari wadogo

Kutoka Masasi kwenda Newala gari linapanda uwanda wa juu wa Makonde. Nyumba ziko karibukaribu na barabara, kila upenyo una mkorosho, na maji ni jambo la kupangia siku. Pembezoni mwa mji ardhi inakatika ghafla. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Chini ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Korosho ndiyo saa ya eneo hili. Minada ya vyama vya ushirika huanza Oktoba, malipo yanafuata, na Desemba inapofika kuna fedha mkononi na shule zimefungwa. Ndiyo maana Desemba ni mwezi wa ngoma. Usiku mmoja unaweza kusikia ngoma kutoka pande tatu.

Tofauti kubwa na Uzaramo wa zamani iko kwenye umri. Katika familia nyingi za huku msichana hasubiriwi avunje ungo. Wapo wanaopelekwa unyagoni wakiwa na miaka minane, tisa au kumi, kwa makundi, na wanaitwa wari.

Wazazi wana sababu zao, na si za kudharau. Kucheza watoto wanne pamoja kunagawa gharama ya chakula, nguo na wapiga ngoma. Mwaka huu korosho imelipa, mwaka ujao haijulikani. Bibi amezeeka na anataka kuona mjukuu anatolewa. Na kuna hofu ya aibu: mtoto akivunja ungo kabla hajachezwa, majirani watasema.

Lakini tazama kinachompata mtoto. Mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya msichana aliyekaribia kuolewa anapewa mwanafunzi wa darasa la tatu. Makungwi hawafanani. Wapo wanaowapunguzia wadogo, wakabaki na usafi na adabu, na katika baadhi ya maeneo makungwi wamekaa vikao na viongozi wa wilaya kuhusu jambo hili. Wapo pia wanaofundisha kila kitu kama walivyofundishwa. Mtoto anaambiwa amekua, anatunzwa hela mbele ya watu, na vijana wa kijiji wameona. Mwili wake bado ni wa mtoto. Januari anavaa sare na kurudi darasani.

Darasani atakuta nini?

Yanayofundishwa na yanayorukwa

Tanzania Bara haina somo linalojitegemea la elimu ya afya ya uzazi. Maudhui yake yametawanywa ndani ya masomo mengine: sayansi ya shule ya msingi, masomo ya uraia na maadili, Biolojia ya sekondari. Ukimwi umo, usafi umo, mabadiliko ya mwili yamo kwa kiasi. Lakini kwa miaka mingi mada kamili ya uzazi wa binadamu ilikaa kwenye Biolojia ya kidato cha tatu, msichana akiwa na miaka 16 au 17. Msichana wa Newala aliyeambiwa amekua akiwa na miaka tisa alingoja miaka saba au zaidi kusikia upande wa sayansi, kama hakuwa ameshaacha shule.

Mwalimu naye ni mtu wa kijijini hapo. Wanafunzi wake ni watoto wa majirani, wa mashemeji, wa watu anaoswali nao au kusali nao. Amefundishwa Hisabati na Jiografia. Hakufundishwa jinsi ya kusimama mbele ya watoto 80, wavulana na wasichana pamoja, na kutaja viungo vya uzazi kwa majina. Haishangazi kama mada inasomwa kichwa tu na wanafunzi wanaambiwa wakaisome wenyewe.

Pengo hilo limejazwa kidogokidogo kutoka nje ya kitabu. Jarida la Fema limekuwa likisomwa katika shule za sekondari tangu mwaka 1999, na klabu zake zimewapa vijana mahali pa kuuliza. Muuguzi wa zahanati naye huja shuleni. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Virusi vinavyozuiwa na chanjo hiyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mtoto wa miaka tisa anayeuliza, "Shangazi, hii ni sindano ya nini?" anastahili jibu, na jibu la kwamba ni ya kuzuia ugonjwa wa kinamama akiwa mkubwa ni la kweli na linatosha kwa umri wake.

Hasara ya ukimya inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Katika utafiti wa 2015/16 kiwango kilikuwa asilimia 27, kwa hiyo kinashuka, ila polepole.

Wala si haki kuubebesha unyago mzigo wote. Katika utafiti huo wa 2015/16 mikoa iliyoongoza ilikuwa Katavi kwa asilimia 45 na Tabora kwa asilimia 43, mbali kabisa na barabara hii. Umaskini, umbali wa shule na mabinti kupanga vyumba karibu na sekondari vinachangia kwa njia zao. Unyago wa mapema ni sababu mojawapo mahali ulipo. Ukimya uko kila mahali.

Sheria imejitahidi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2017 Rais John Magufuli, akiwa Chalinze mkoani Pwani, alisema wanafunzi wanaojifungua hawatarudi katika shule za serikali wakati wa uongozi wake. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi.

Yote hayo yanamkuta mtoto jambo limeshatokea, au yanamtisha mkosaji. Mtoto mwenyewe, jioni ile anapopewa lifti ya bodaboda na chipsi za bure, anahitaji maneno aliyoyasikia mapema.

Je, kufundisha si kuchochea?

Hofu hii iko Mbagala na iko Newala, na mzazi mwenye nayo asichekwe. Anaogopa kwamba mtoto akisikia atataka kujaribu.

UNESCO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa mwongozo wa elimu hii mwaka 2009 na kuuboresha mwaka 2018, baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi. Walichokikuta ni kwamba elimu inayopangwa vizuri haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Mara nyingi inawachelewesha. Mwongozo huo unagawa mafunzo kwa umri: miaka 5 hadi 8, 9 hadi 12, 12 hadi 15, na 15 kwenda juu.

Wazee wa Uzaramo wangeuelewa mgawanyo huo haraka. Nao walikuwa na ya kusema na mtoto, ya kusema na mwali, na ya kusema na bibi harusi. Unyago wa leo wa miaka tisa ndio uliovuruga mpangilio, kwa kumpa mtoto ya bibi harusi.

Kwa lugha ya nyumbani, mgawanyo unaweza kuwa hivi.

Mtoto wa chekechea hadi darasa la pili ajue majina ya viungo vyake, sehemu za mwili ambazo mtu mwingine haruhusiwi kuzigusa, na kwamba akiguswa aseme.

Mtoto wa miaka 9 hadi 12 aelezwe kubalehe kabla hakujaanza. Mwili wa msichana unaweza kuanza kubadilika akiwa na miaka minane, wa mvulana tisa. Msichana ajue hedhi ni nini, atumie nini na kitambaa kinafuliwa na kuanikwa vipi. Mvulana naye ajue hedhi ni nini, ili asimcheke dada yake wala mwanafunzi mwenzake.

Wa miaka 12 hadi 15 ajue mimba inapatikana vipi, na kwamba inaweza kupatikana mara ya kwanza tu, hata kabla msichana hajaona hedhi yake ya kwanza. Ajue pia jinsi watu wazima wanavyorubuni, na neno la kukataa.

Aliyevuka hapo azungumziwe uhusiano, magonjwa ya zinaa, Ukimwi, kinga na uzazi wa mpango, kila familia ikiongeza mafundisho ya dini yake.

Siri ya ngoma na siri nyingine

Kwa mzazi aliye katika barabara hii, liko jambo moja ambalo vitabu vya shule haviwezi kulisema kwa niaba yake.

Unyago una kiapo. Mwali anaambiwa asitoe nje yaliyosemwa ndani. Kwa msichana mkubwa kiapo hicho kilijenga heshima. Kwa mtoto wa miaka tisa kinaweza kumfundisha kitu cha hatari bila mtu kukusudia: kwamba mambo ya mwili hayasemwi kwa mama. Mtu mbaya akija baadaye na kumwambia "hii ni siri yetu", atakuta mlango umeshafungwa.

Mama aliyechezwa naye analijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Anaweza kulifungua bila kuvunja mila:

"Mama, bibi kungwi alisema nisiseme."

"Siri ya ngoma ibaki ya ngoma, mwanangu. Mimi pia nilichezwa, sikuulizi nyimbo. Lakini mtu yeyote akikugusa, awe mjomba, awe mwalimu, awe ustadhi, akakwambia ni siri, hiyo si ya ngoma. Hiyo niambie siku hiyohiyo. Sitakupiga."

Neno la mwisho ndilo zito. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa fimbo kuliko wanavyomwogopa mkosaji.

Na kabla ya ngoma, mzazi anaweza kwenda kwa kungwi kwa adabu yake, na khanga yake mkononi: "Shikamoo bibi. Mjukuu wako ana miaka tisa. Mfunde usafi, mfunde adabu, mfunde kujihifadhi. Ya ndoa tunaomba yangoje, wakati wake ukifika tutakuja tena kwako." Kungwi anayeheshimiwa hivi ana sababu ya kusikiliza. Anayetukanwa kwenye redio kuwa anaharibu watoto hana.

Baba naye asijifiche nyuma ya mama. Kumbi limeondoka, lakini safari ya kwenda shamba na mwanawe, au ya kwenda kinyozi, inatosha kumwambia kwamba ndoto nyevu si ugonjwa, na kwamba msichana akisema hapana, ni hapana.

Shuleni, kikao cha wazazi kisiishie kwenye michango ya chakula. Uliza: nani ni mwalimu wa malezi? Nani ni matroni? Mtoto akipata hedhi saa nne asubuhi anakwenda wapi, na kuna maji chooni? Mada ya uzazi inafundishwa lini, na nani? Mwalimu anayejua wazazi wanataka ifundishwe atapata ujasiri wa kuifundisha.

Kama jambo limeshatokea, namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto na haitozwi. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ushauri vinapatikana mahali pamoja. Mtoto apelekwe hospitali kabla ya kuogeshwa na ndani ya saa 72, ili apewe dawa za kinga ya Ukimwi.

Barabara ya Kusini inaishia ukingoni mwa Ruvuma, na kote inakopita hakuna kijiji kilichowahi kuamini kwamba mtoto akue bila kuambiwa. Walibishana juu ya nani aseme na lini. Leo bibi yuko mbali, kungwi ana haraka, mwalimu ana aibu, na simu haina aibu kabisa. Anayelala nyumba moja na mtoto ni mzazi. Kazi ambayo zamani haikuwa yake sasa imemfikia, na likizo hii ya Desemba ana wiki kadhaa za kuianza.